Chai ya kijani ya Amani: kutoka jani hadi dawa

SWALI: Mimi ni mhudumu wa duka la dawa muhimu hapa Muheza. Baba ana ekari moja na nusu za chai kule juu Amani, na bei ya majani mabichi haimtoi. Wateja wananiulizia chai ya kijani kwa kisukari, kwa kupunguza tumbo na hata kwa saratani. Nimesikia Marekani ipo dawa halisi iliyotokana na chai ya kijani. Je, tunaweza kutengeneza unga au vidonge hapa hapa? Hatua ni zipi, na madhara yake ni yapi?

JIBU: Dada, dawa uliyosikia habari zake ipo kweli, ila si kidonge, na haitibu hata kimoja kati ya hayo wanayokuulizia wateja. Inaitwa Veregen. Ni marhamu ya kupaka, na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiidhinisha Oktoba 2006 kwa masundosundo ya nje ya sehemu za siri na yale yanayoota kuzunguka njia ya haja kubwa. Ilikuwa dawa ya kwanza kupita kwa utaratibu wao mpya wa dawa za mimea. Kiini chake ni katekini, yaani kemikali za asili za jani la chai ya kijani, zilizosafishwa mpaka zikawa asilimia 85 hadi 95 ya uzito wa unga, na zaidi ya nusu yake ni molekuli moja tu, EGCG. Marhamu ya Marekani ina asilimia 15 ya unga huo. Ulaya ni asilimia 10. Mgonjwa hupaka mara tatu kwa siku, mpaka vinyama viishe au wiki 16 zitimie. Katika majaribio, karibu asilimia 54 ya waliopaka ile ya asilimia 15 walipona kabisa, dhidi ya asilimia 35 ya waliopaka marhamu tupu isiyo na katekini. Tofauti ni ya kweli. Lakini itazame hiyo 35: zaidi ya theluthi walipona kwa mafuta na kinga ya miili yao. Akija mtu dukani kukuhadithia kwamba fulani alikunywa kitu akapona, namba hiyo ndiyo ya kukumbuka kwanza.

Sasa, kwa nini chai ikafanikiwa kwenye ngozi na si tumboni? Hapo ndipo penye jibu la karibu maswali yako yote.

Amani imewahi kutoa dawa. Kituo cha utafiti kilichofunguliwa na Wajerumani mwaka 1902 kilipanda mkwinini, na wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia magome yake yakatumika kupata kwinini kwa ajili ya askari wao. Ni kituo hicho hicho kilichopanda chai ya majaribio mwaka 1904. Kwa hiyo ni rahisi mtu kudhani chai itapita njia ile ile ya mkwinini: vuna, chemsha, safisha, tia kwenye kidonge. Haipiti. Kwinini hutengeneza chumvi imara, hukaa kwenye chupa muda mrefu bila kubadilika, na ukiimeza sehemu yake kubwa huingia kwenye damu. EGCG ni kinyume kwa yote matatu.

Molekuli hiyo ina vikundi vinane vya haidroksili, na kila kimoja kinatafuta cha kushika. Hushika oksijeni na kuharibika. Hushika madini ya chuma, ndiyo maana chai iliyochemshiwa kwenye sufuria ya chuma huwa nyeusi kama wino. Hushika protini: ule ukakasi unaoukausha ulimi ukinywa chai kali ni katekini zikigandamana na protini za mate. Kwenye maji yenye uchachu, pH 4 hadi 5, inatulia vizuri (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikiwa ndogo, uchachu ni mkali). Ukipanda hadi pH 7 inaanza kuoza kwa saa, na juu ya 8 inakwisha kwa dakika. Utumbo mdogo uko katikati ya 6 na 7 na zaidi kidogo. Kinachobaki hapo hupenya ukuta wa utumbo kwa shida, kisha ini hukibandika vikundi vya methili, salfeti na glukuronidi na kukitoa. Bakteria wa utumbo mpana humalizia kilichosalia. Mtu akinywa kikombe kimoja au viwili, EGCG huru katika damu yake kwa kawaida haifiki mikromola 1 (kipimo cha ukolezi), na baada ya saa chache imekwenda.

Linganisha na habari za mitandaoni za "chai ya kijani yaua seli za saratani". Majaribio mengi ya namna hiyo hufanyika kwenye sahani ya maabara kwa mikromola 10 hadi 100, kiwango ambacho damu ya mnywaji chai haikifikii. Na kuna kasoro nyingine isiyosemwa sana. Kwenye majimaji ya kukuzia seli, yenye pH 7.4 na joto la nyuzi 37, EGCG inaungana na oksijeni upesi na kuzalisha haidrojeni peroksaidi, ile ile ya kusafishia vidonda. Seli zinakufa, mtafiti anafurahi, kumbe muuaji ni peroksaidi. Ukitia kimeng'enya cha katalesi kinachoivunja, mara nyingi seli zinapona. Watafiti wa dawa wameiweka EGCG kwenye kundi la molekuli zinazodanganya vipimo kwa sababu inagandamana na karibu kila protini inayowekewa. Haimaanishi haina kazi. Inamaanisha kila dai lazima lipimwe upya ndani ya mtu.

Na lilipopimwa ndani ya mtu, matokeo yamekuwa magumu. Mfano mzuri ni jaribio la PROMESA la Ujerumani, lililotangazwa mwaka 2019. Wagonjwa 92 wenye ugonjwa wa ubongo unaofanana na Parkinson walipewa EGCG hadi miligramu 1,200 kwa siku au kidonge tupu, kwa wiki 48. Ugonjwa haukupungua kasi, na baadhi ya waliopewa EGCG walipata madhara ya ini. Jaribio lilifanywa vizuri, kwa kiini kilichopimwa, na bado jibu likawa hapana.

Ngozi inakwepa yote hayo. Marhamu haipiti tumboni wala kwenye ini. Asilimia 15 ya katekini inakaa juu ya kinyama chenyewe, kiwango ambacho damu haiwezi kamwe kukifikisha pale. Halafu angalia ilivyotengenezwa: mafuta meupe ya mgando kama Vaselini, nta, isopropili miristeti, oleili alkoholi na kiungo kimoja cha nta ya propilini glikoli. Hakuna tone la maji. Hiyo ndiyo siri ya mapishi yake, kwa sababu bila maji EGCG haina pa kuozea. Pamoja na hayo, famasi huihifadhi kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, hadi siku ya kumpa mgonjwa, na mgonjwa naye anaambiwa asiiache ikapita nyuzi 25. Tanga mjini Februari, ndani ya chumba cha bati, nyuzi 25 hupati hata usiku. Mtu akichanganya unga wa chai na losheni ya maji auze sokoni Mgandini, baada ya wiki chache atakuwa anauza losheni ya kahawia yenye harufu ya majani makavu, na katekini ndani yake ni za kutafuta.

Tuje kwenye jani la baba.

Chai nyingi ya Usambara inageuzwa kuwa chai nyeusi ya kusagwa. Katika njia hiyo jani linasagwa likiwa bichi ili kimeng'enya cha polifenoli oksidesi kikutane na katekini na kuzigeuza kuwa rangi nyekundu na ladha nzito. Ndiyo chai nzuri ya asubuhi, ila katekini zake nyingi zimekwisha geuka. Kwa hiyo usinunue chai nyeusi ya dukani ukaikamulia "dawa". Chai ya kijani ni jani lile lile ambalo kimeng'enya chake kimeuawa kabla hakijafanya kazi, na ubora wote wa baadaye unaamuliwa katika saa chache za mwanzo.

Chuma majani mawili na chipukizi, basi. Jani kuukuu lina EGCG kidogo na linabeba floridi na alumini nyingi zaidi, kwa kuwa mchai hukusanya vyote viwili kwenye majani yake kadiri yanavyozeeka. Yabebe kwenye matenga yanayopitisha hewa, bila kushindilia. Kwenye kiroba cha nailoni majani yanajipasha joto yenyewe, yanachubuka, na ukitia mkono katikati utausikia moto. Ukifungua utakuta vikonyo vimeshaanza wekundu. Wekundu huo ni katekini ulizokwisha zipoteza, hakuna mashine itakayozirudisha. Jitahidini jani liingie kwenye mvuke ndani ya saa tatu au nne baada ya kuchumwa.

Mvuke ndio njia salama kwa anayeanza. Amani iko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 97, na hizo zinatosha. Tandaza majani kwenye wavu kwa unene usiozidi sentimita tatu, mvuke uwe tayari unatoka kwa nguvu kabla hujaweka wavu, na uhesabu sekunde 90 hadi dakika mbili. Kosa la kila siku ni kujaza: majani ya juu yanaiva, ya katikati yanapashwa tu hadi nyuzi 40 au 50, na joto hilo la vuguvugu ndilo kimeng'enya kinalolipenda. Jani lililoiva vizuri limelegea, kikonyo chake kinapinda bila kukatika, na harufu ya nyasi mbichi imeondoka. Kupima ni rahisi: chukua machache, yasugue kwa viganja hadi yachubuke, yaache kwenye sahani nyeupe nusu saa. Yakibaki kijani, kimeng'enya kimekufa. Yakipata wekundu pembeni, ongeza muda au punguza unene.

Baada ya mvuke yapoze papo hapo kwa feni, yafikiche kidogo, kisha yakaushe kwa hewa ya nyuzi 70 hadi 80 mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 5. Jani likifika hapo linavunjika kwa vidole kuwa chenga, halipindi. Jua la Amani halitoshi: ukungu unaingia saa tisa alasiri na majani yanalala na unyevu. Mkitumia kuni, hewa ya moto ipite kwenye bomba na moshi utoke upande wake. Moshi ukigusa jani unaacha kemikali ziitwazo antrakwinoni, na wanunuzi wa Ulaya hurudisha mzigo kwa hilo peke yake. Fungasha kwenye mifuko isiyopitisha mwanga wala hewa. Kilo nne na nusu hivi za majani mabichi zitawapa kilo moja kavu.

Mpaka hapo ni kazi ya mkulima na inawezekana kabisa. Hatua inayofuata, kukamua, inaonekana rahisi kuliko ilivyo.

Kwa maabara, vipimo vilivyofanyiwa utafiti mzuri ni hivi: jani lisagwe hadi chenga za milimita moja, maji ya nyuzi 80, dakika 30, mililita 50 kwa kila gramu, na pH chini ya 6. Maji ya bomba la pwani au ya kisima chenye chumvichumvi hayafai, kwa sababu pH yake iko juu na kalisi yake inashika katekini. Tumia maji yaliyotoneshwa, au ya mvua safi, na asidi ya sitriki kidogo hadi pH ifike 4 au 5. Vyombo viwe vya chuma kisichoshika kutu au vya kioo. Ukipandisha joto hadi kuchemka kwa muda mrefu, EGCG inapinduka umbo na kuwa molekuli pacha iitwayo GCG; kipimo cha jumla hakitaiona tofauti hiyo, kipimo cha mashine kitaiona.

Lita 50 kwa kilo ni nzuri kwa kukamua na mbaya kwa mfuko, kwa kuwa maji yote hayo lazima yaondoke. Hapa ndipo miradi mingi ya nyumbani inapofia. Mtu anaweka sufuria jikoni, anachemsha hadi ibaki lami ya kahawia, anaikausha, anaisaga na kuita "unga wa katekini". Saa tatu za moto na hewa zimekwisha maliza karibu kila kitu alichokuwa anakitafuta. Kiwandani maji hutolewa kwa kupunguza shinikizo la hewa ili yachemke chini ya nyuzi 50, kisha mabaki hunyunyizwa kwenye hewa ya moto yakauke kwa sekunde, au hugandishwa na kukaushwa yakiwa barafu. Jambo jingine la kuangalia: maji ya chai yakipoa, hutokea utando mzito unaotua chini. Usiuchuje ukautupa kwa kudhani ni uchafu. Ni kafeini iliyoshikana na katekini zile zile unazozitaka. Chuja yangali ya moto.

Unga unaotoka hapo bado ni ghafi, una kafeini, sukari, protini na rangi. Kuufikisha kwenye asilimia 85 ya katekini kunahitaji kuondoa kafeini kwa kiyeyushi kama kloroformu au dikloromethani, au kwa kaboni dayoksaidi yenye shinikizo kubwa. Kisha kuzivuta katekini kwa etili asetati. Kisha kuzipitisha kwenye safu za utomvu wa plastiki zinazozichuja moja moja. Nasema kwa msisitizo: hatua hii isifanyike nyumbani. Mvuke wa etili asetati ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni hadi kwenye jiko la chumba cha pili, na unashika moto hata kwenye baridi ya chini ya sifuri, seuze joto la Muheza. Kloroformu nayo hairuhusiwi kubaki kwenye dawa zaidi ya sehemu 60 kwa milioni, na pua yako haiwezi kuipima hiyo. Isitoshe, kila unapokaza kilo kumi za jani kuwa kilo moja ya unga, unakaza pia dawa za wadudu, risasi na vumbi la barabarani. Jani lililokuwa ndani ya kiwango linaweza kutoa unga uliovuka kiwango.

Hesabu kidogo inafundisha. Tuseme mmechuma kilo 45, mkapata kilo 10 kavu, na maabara ikasema EGCG ni asilimia 6. Hizo ni gramu 600. Tuseme nusu inapotea njiani, mbaki na gramu 300, ndani ya unga uliosafishwa wa kama gramu 500. Tyubu moja ya gramu 30 yenye asilimia 15 inakula gramu 4.5 za unga. Kwa hiyo majani ya kilo 45 yana malighafi ya tyubu zaidi ya 100. Bei ya majani hayo mabichi wewe unaijua. Gawa kwa 100 uone kilichomo ndani ya tyubu moja. Jani ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kwenye dawa hiyo. Fedha zimeingia kwenye kuthibitisha kwamba tyubu ya Januari na ya Juni zina kitu kile kile, na kwenye majaribio ya wagonjwa. Ndiyo maana sikushauri mwanze na vidonge, hata mkipata mtaji.

Kuhusu kupima, mtakutana na vipimo viwili. Kimoja ni cha Folin, kinachopima polifenoli zote, kundi kubwa ambalo katekini zimo, kwa rangi ya buluu. Ni nafuu, ila kinadanganyika. Mtu akitia vitamini C kwenye unga, namba inapanda kwa kuwa vitamini C nayo inatoa rangi. Cha pili ni mashine ya HPLC, inayozitenganisha katekini na kuzisoma moja moja kwenye mwanga wa nanomita 278. Mnunuzi makini atataka hicho cha pili, kwa utaratibu wa ISO 14502-2.

Madhara sasa, na hapa nakuomba usome kama mhudumu wa dawa.

Chai ya kijani iliyotiwa kwenye kikombe, gramu mbili kwa mililita 200 za maji ya nyuzi 80, haina historia ya kutisha. Shida ni unga uliokolezwa. Ufaransa na Hispania ziliiondoa sokoni Exolise, kapsuli ya kupunguza unene iliyokamuliwa kwa alkoholi, mwaka 2003, baada ya watu kuumia ini. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipitia ushahidi ikaona kwamba kuanzia miligramu 800 za EGCG kwa siku kutoka kwenye virutubisho, vimeng'enya vya ini huanza kupanda kwa baadhi ya watu. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ukatunga kanuni: bidhaa ibaki chini ya kiwango hicho kwa siku, na lebo iseme isitumiwe na wajawazito, wanaonyonyesha wala walio chini ya miaka 18, na isimezwe tumbo likiwa tupu. Kuna watu wenye urithi fulani wa kinga, HLA-B*35:01, ambao ini lao huumia kwa urahisi zaidi, na huwezi kumtambua mtu huyo kwa kumtazama.

Hilo la tumbo tupu si mapambo. Aliyefunga akimeza EGCG, kiwango chake kwenye damu hupanda mara kadhaa kuliko aliyekula. Fikiria mwezi wa Ramadhani hapa kwetu: dada anataka kupungua, anafungua kwa maji na kapsuli mbili za "green tea" alizoagiziwa, futari baadaye. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote. Mteja yeyote anayetumia kapsuli hizo akikuambia mkojo umekuwa wa rangi ya chai kavu, macho yana unjano, anawashwa mwili au ana kichefuchefu na maumivu chini ya mbavu za kulia, mwambie aache leo na apelekwe hospitali kupimwa vimeng'enya vya ini, ALT na AST. Aende na chupa yenyewe mkononi.

Mjamzito anayemeza FEFO, kidonge cha kuongeza damu chenye madini ya chuma, chai ya aina yoyote aitenge na kidonge kwa saa moja hadi mbili, maana katekini hushika madini ya chuma kabla utumbo haujayapata. Chai ya kijani hupunguza sana kuingia kwa nadololi, dawa ya shinikizo la damu, na kwenye maabara EGCG imeonekana kuifunga kabisa bortezomibu, dawa ya saratani ya uboho. Kwa hiyo mgonjwa wa saratani aliye kwenye matibabu asinunue unga wa chai bila daktari wake kujua. Na wa kisukari asipunguze metformini kwa ajili ya kikombe. Anayetaka kunywa, anywe bila sukari, kama kinywaji.

Huenda sasa unajiuliza kama watafiti wamekata tamaa. Hapana, wamebadilisha njia. Tangu 2004 kuna EGCG iliyofunikwa vikundi vyake vinane kwa asetili ili isiharibike njiani, kisha vimeng'enya vya seli vinaifunua ndani. Wa Singapore walitumia EGCG yenyewe kujenga chembechembe ndogo mno za kubebea dawa nyingine ya saratani hadi kwenye uvimbe, kazi waliyoitangaza 2014. Njia inayonivutia mimi zaidi ni ya chuo kikuu cha UCLA, 2022. Ilijulikana kwamba EGCG huvunja nyuzi za protini ya tau, zile zinazojikusanya kwenye ubongo wa mwenye Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ila yenyewe haifiki ubongoni vizuri. Badala ya kuisukuma kwa nguvu, wakapiga picha kwa darubini ya elektroni kuona inakaa wapi hasa kwenye uzi, kisha wakatafuta kwa kompyuta molekuli nyingine zinazoweza kukaa pale pale na kupenya ubongo. Wamezipata kadhaa zinazofanya kazi kwenye maabara. Zikiwa dawa siku moja, hazitakuwa na jani la chai ndani yake. Chai itakuwa imetoa ramani tu.

Kwa upande wa sheria nitakuwa mfupi. Mkiuza jani kavu kama kinywaji, mtahitaji leseni ya Bodi ya Chai na alama ya TBS, shirika la viwango, na SIDO Tanga, shirika la viwanda vidogo, wanaweza kuwasaidia kuanza. Mkiandika kwenye pakiti neno moja la kutibu, mmehamia kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, au Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kutegemea mnavyojieleza. Viyeyushi vya viwandani viko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Na duka lako lina orodha yake ya vitu vinavyoruhusiwa chini ya Baraza la Famasi. Unga wa nyumbani usiuweke rafu moja na dawa.

Ninachowashauri ni kuuza jani lenye cheti. Chagueni sehemu moja ya shamba, mwandike tarehe ya kuchuma, saa ya kuchuma, saa ya kuingia kwenye mvuke, na kila dawa iliyopuliziwa miezi hiyo. Kituo cha utafiti wa chai cha Marikitanda kiko hapo hapo Amani. Waulizeni aina ya mchai mlio nao, maana michai ya asili ya Assam kwa kawaida ina katekini nyingi kuliko ile ya jani dogo la Kichina. Kausheni mafungu matatu kwa siku tofauti, mtoe gramu 100 kwa kila fungu, mzifunge kwenye mifuko ya foili bila hewa, na mwombe maabara vitu vinne: katekini kwa HPLC, kafeini, unyevu, na mabaki ya viuatilifu. Mafungu matatu yakitoka na EGCG zilizokaribiana, mna bidhaa ya kumwonyesha mnunuzi. Yakipishana sana, rudini kwenye wavu wa mvuke mwangalie unene wa majani kabla ya kumlaumu mchai.